Bob Dylan jukwaani: Bamvua na maji mafu

Tarehe 13 Julai 1985, usiku ulipokuwa umeshaingia katika uwanja wa John F. Kennedy jijini Philadelphia, Bob Dylan alipanda jukwaani akiwa na gitaa kavu na kinanda cha mdomo. Tamasha la Live Aid, lililoandaliwa kuwachangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, lilikuwa linafikia ukingoni, na televisheni za dunia nzima zilikuwa zinamtazama yeye. Alifuatana na Keith Richards na Ron Wood wa Rolling Stones. Nyuma ya pazia, wasanii wengine walikuwa wanajipanga kwa wimbo wa pamoja wa kufungia tamasha, na kwa zile kelele watatu hawa hawakuweza kujisikia wenyewe. Kila mmoja alikuwa anapapasa gizani. Walipofika kwenye "Blowin' in the Wind", uzi wa gitaa la Dylan ukakatika. Wood akavua gitaa lake, akampa, akabaki mikono mitupu akichezesha vidole hewani mpaka alipoletewa jingine.

Walioona usiku ule walisema huyu amekwisha. Alikuwa na miaka 44.

Wiki kumi baadaye, tarehe 22 Septemba, Dylan alisimama tena mbele ya umati, safari hii Champaign, jimbo la Illinois. Tamasha la Farm Aid lilitokana na neno lake mwenyewe alilolitoa kule Philadelphia, kwamba sehemu ya michango ingeweza kuwasaidia wakulima wa Marekani waliolemewa na madeni. Nyuma yake walikuwepo Tom Petty na bendi yake, The Heartbreakers. Walikuwa wamefanya mazoezi, na ilionekana. Sauti ilitoka kifuani, maneno yakasikika, bendi ikamfuata kila alikogeuka. Mwaka ulikuwa ule ule, na mtu alikuwa yule yule.

Kwa miaka mingi nimesikiliza rekodi za maonyesho ya Dylan, nzuri na mbovu, na nimesikia hukumu mbili zikirudiwa. Wapo wanaosema ni mzee mwenye sauti ya mchanga anayewachezea watu na pesa zao. Wapo wanaosema ni gwiji, na asiyemwelewa ajilaumu mwenyewe. Hukumu zote mbili zinatuepusha na kazi ya kusikiliza. Watu wa mwambao wanajua kuwa bahari ina bamvua na ina maji mafu, na kila kimoja kina sababu yake. Kupanda na kushuka kwa Dylan nako kuna sababu, na anayezifuatilia anajifunza jambo kuhusu uimbaji wenyewe.

Tuanzie mwanzo. Robert Zimmerman alizaliwa Duluth, Minnesota, mwaka 1941, akakulia Hibbing, mji wa machimbo ya chuma. Mwaka 1961 alifika New York akiimba nyimbo za asili za Kimarekani katika mikahawa ya Greenwich Village. Muziki ule haukuwa na toleo moja rasmi. Wimbo ulipita mdomo kwa mdomo, kila mwimbaji akaongeza ubeti, akapunguza, akabadili mahadhi. Huko ndiko alikojifunza kwamba wimbo ni kitu cha kupokewa na kutumiwa, wala si cha kuwekwa kabatini.

Jumapili ya tarehe 25 Julai 1965, katika tamasha la Newport, alitokea na gitaa la umeme na bendi. Baadhi ya watu wakamzomea. Mpaka leo wanabishana kama walizomea umeme, vyombo vibovu vya sauti au ufupi wa onyesho, kwa maana alipiga nyimbo tatu tu na bendi kabla ya kurudi na gitaa kavu. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1966, katika ukumbi wa Free Trade mjini Manchester, Uingereza, mtu mmoja kwenye giza la ukumbi alimwita Yuda. Dylan akajibu kwamba hamwamini, kisha akawageukia wenzake na kuwaambia wapige kwa nguvu zote. Kinachofuata kwenye rekodi ile ni muziki wa watu waliokataa kuomba radhi. Kwa miaka mingi rekodi hiyo ilizunguka kwa njia za panya ikidhaniwa kuwa ya Royal Albert Hall ya London, mpaka ilipotolewa rasmi mwaka 1998. Leo onyesho lililozomewa linahesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa katika historia ya roki.

Kwa hiyo tahadhari ya kwanza ni kwamba masikio ya usiku ule ule si hakimu wa mwisho. Novemba 1979 ilikuwa hivyo hivyo, pale Dylan aliyekuwa ameokoka alipoimba usiku 14 katika ukumbi wa Warfield, San Francisco, akikataa katakata kupiga nyimbo zake za zamani. Wapo waliokasirika. Leo ukisikiliza rekodi za kipindi kile, unamsikia mtu anayeimba kana kwamba uhai wake umo ndani ya kila neno.

Lakini tusijifiche nyuma ya mifano hiyo, kwa sababu kuna maonyesho mabaya ambayo miaka haikuyatakasa. Tarehe 20 Februari 1991 Dylan alipewa tuzo ya Grammy ya heshima ya maisha. Vita vya Ghuba vilikuwa vinaendelea, naye akachagua kuimba "Masters of War", wimbo wake mkali dhidi ya watengeneza silaha. Uamuzi ulikuwa wa kijasiri. Ila aliyameza maneno, akayaviringisha mdomoni kwa kasi, na wengi waliokuwa wakitazama hawakutambua ni wimbo gani. Ujumbe uliohitajika usiku ule kuliko usiku mwingine wowote ukaishia kwenye kipaza sauti. Hilo ni kosa. Heshima kwa mkongwe haitulazimishi kuliita jina jingine.

Mwenyewe amekiri kuwa aliwahi kupotea. Katika kitabu chake Chronicles, kilichotoka mwaka 2004, anasimulia kwamba kufikia katikati ya miaka ya 1980 alijihisi mtu aliyekwisha, asiye na uhusiano na nyimbo zake mwenyewe. Mwaka 1987, akiwa katika mazoezi na bendi ya Grateful Dead, wenzake walitaka kupiga nyimbo zake nyingi za zamani, naye akaona hawezi kuziimba. Akatoka nje, akatembea mpaka kwenye baa ambamo mzee mmoja alikuwa anaimba jazi, na kwa kumsikiliza tu mzee yule akakumbuka kitu alichokuwa amekisahau kuhusu mahali sauti inapotoka. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo, katika uwanja wa wazi wa Locarno, Uswisi, alifungua mdomo na sauti ikagoma. Hofu ikamshika. Akatafuta njia nyingine palepale, mbele ya watu, na sauti ikaja kwa mlango ambao hakuwahi kuupitia.

Kutoka hapo alifanya jambo ambalo mastaa wachache wa umri wake wangelifanya. Badala ya kupumzika na kurudi mara moja kila miaka mitano kwa tiketi za bei ya kuruka, aliamua kufanya kazi kila siku kama fundi. Tarehe 7 Juni 1988, Concord, California, ilianza safari iliyokuja kuitwa Ziara Isiyokwisha. Kwa kawaida ilikuwa kama maonyesho 100 kwa mwaka, katika kumbi kubwa na ndogo, viwanja vya maonyesho ya kilimo na kumbi za vyuo. Kufikia mwaka 2019 yalikuwa yamepita 3,000.

Hebu fikiria maana ya hesabu hiyo kwa mtu anayebadilisha kila kitu. Wimbo wa jana uliokuwa wa polepole leo unakwenda mbio. Mahadhi yanahamishwa, ubeti unaandikwa upya, na wapiga ala wanamtazama mikono wajue anakwenda wapi. Tony Garnier, mpiga besi aliye naye tangu mwaka 1989, amefanya kazi hiyo ya kutazama na kufuata kwa miongo mingi. Katika mfumo kama huo usiku mbovu hauepukiki. Anayetafuta njia mpya kila jioni lazima jioni nyingine aangukie kichakani.

Na tunajua njia ya pili, ya kuwapa watu kile wanachokitarajia, ingempeleka wapi, kwa sababu aliijaribu. Mwaka 1974 alizunguka miji 21 ya Amerika Kaskazini na The Band, maonyesho 40, kumbi zikafurika, nyimbo zikapigwa kwa nguvu na watu wakaenda nyumbani wameridhika. Miaka kama kumi baadaye alisema kwamba katika ziara ile alikuwa anaigiza tu, anacheza nafasi ya Bob Dylan. Ile ndiyo ziara ambayo mnunuzi wa tiketi alipata alichotarajia. Aliyekuwa jukwaani hakupata kitu.

Hapo ndipo ninapouona mpaka. Upo usiku mbovu wa mtu anayekimbia nyimbo zake, kama alivyokuwa katikati ya miaka ya 1980, na upo usiku mbovu wa mtu anayezitafuta. Wa kwanza una haki ya kulaumiwa. Wa pili ni nauli ya kufika kwenye usiku mwema.

Uzee ulileta zamu nyingine. Tangu mwaka 2002 Dylan amekuwa akikaa zaidi kwenye kinanda kuliko kushika gitaa. Koo lilikuwa limechakaa. Kisha, kuanzia mwaka 2015, alitoa albamu za nyimbo za zamani ambazo nyingi zilipata kuimbwa na Frank Sinatra, nyimbo zisizoruhusu kukoroma. Zilimlazimisha kuvuta pumzi kwa hesabu na kulimaliza kila neno. Aliporudi barabarani Novemba 2021 na nyimbo za albamu ya Rough and Rowdy Ways, akiwa na miaka 80, maneno yalisikika waziwazi kuliko miaka 20 nyuma. Simu zilifungiwa kwenye mifuko maalumu mlangoni, watu wakakaa gizani wakisikiliza. Waliotangaza mwisho wake mwaka 1985 waliwahi kwa zaidi ya miaka 35.

Tarehe 10 Desemba 2016, Stockholm, Dylan alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, hakuhudhuria. Mwimbaji Patti Smith alimwimbia "A Hard Rain's a-Gonna Fall" mbele ya mfalme. Katikati ya wimbo hofu ikamzidi, maneno yakamtoka. Akasimama, akaomba radhi, akasema ana wasiwasi, akaomba aanze tena. Ukumbi ukampigia makofi, naye akauimba mpaka mwisho, na wapo waliolia. Rekodi ya wimbo huo iliyotoka mwaka 1963 haina kosa hata moja, na kila mtu ukumbini angeweza kubaki nyumbani akaisikiliza. Walikuja kwa ajili ya kile kilichoweza kuharibika.