Mshale wa Kibla Kutoka Nyeri

Aishiye Mombasa haoni taabu kuijua kibla. Makka iko karibu sawasawa na kaskazini yake. Tofauti haifiki hata digrii moja. Lakini binti akipanda basi kwenda masomoni Nyeri, kibla nayo husogea: kule hapana budi kuelekea kulia kwa kaskazini kwa kiasi cha digrii 7. Ni tofauti ndogo, ila yatosha kumjibu mzazi anayejiuliza: huko kwenye baridi ya Mlima Kenya, mtoto wa kike anayesomea ramani hufanya kazi gani hasa?

Nje kidogo ya mji wa Nyeri, katika njia ya Mweiga, kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopewa hati ya chuo kikuu mwaka 2012, na ndani yake taasisi ya elimu ya upimaji na ramani za kompyuta. Asomaye huko hukutana na chombo kiitwacho seva ya ramani. Hiyo ni programu inayopokea maombi: mtu huomba aonyeshwe barabara, mito na misikiti ya eneo fulani, nayo humchorea picha na kumpelekea. Mojawapo ni GeoServer, iliyoanzishwa New York mwaka 2001. Haiuzwi. Tena maagizo yanayoiendesha yako wazi, kila mtu aweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyaongezea.

Miji ya Mlima Kenya ni chuo tosha cha makosa ya ramani. Ikweta hupita Nanyuki, na gridi wanayoitumia wapimaji, iitwayo UTM, huhesabu mita kwa namna mbili: kaskazini ya ikweta huanza sifuri na kupanda, kusini yake huanza milioni 10 na kushuka. Anayesahau kuitajia seva upande ulio sahihi ataiona Nyeri imerushwa hadi karibu na Ncha ya Kaskazini! Kosa hilo huchekesha na huonekana upesi. Baya zaidi ni lile lisiloonekana. Ramani za zamani za Kenya zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali simu zetu hufuata msingi wa setilaiti, na kati ya misingi hiyo miwili mahali palepale hutofautiana kwa mita 300 hivi. Mita 300 si haba kwa mama anayetafuta zahanati usiku.

Sasa natuchukue mfano. Mwanafunzi aona ingefaa seva iweze kuchora mshale wa kibla juu ya kila msikiti. Hapaswi kuandika kimyakimya na kuwashtukiza wenzake. Adabu ya kazi hii ni kubisha hodi: huwaeleza kwanza walezi wa programu alilokusudia, akawauliza iwapo lipo tayari. Hutia saini mkataba wa mchangiaji, unaothibitisha kwamba kazi ni yake na ameridhia itumike. Ndipo huandika hesabu yake, na kando yake majaribio ya kuihakiki.

Tuseme amepiga mstari ulionyooka juu ya ramani, kutoka msikitini hadi Makka. Nyeri jawabu ni sawa, Nanyuki sawa, Mombasa sawa. Anaipeleka kazi kwa furaha, nayo inarudishwa. Mkaguzi aliye mbali ameijaribu kwa New York: mshale umeelekea mashariki ukiinamia kusini kidogo, ilhali Waislamu wengi wa huko huswali wakielekea kaskazini mashariki. Dunia ni mviringo, na njia fupi kabisa ya kwenda Makka kutoka huko huanza kwa kupanda kaskazini. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, na karibu na mstari wa Makka, kosa lilijificha.

Hapo ndipo mabinti wengine huvunjika moyo, na naona ndipo simu ya mama inapohitajika kuliko pesa za matumizi. Kurudishiwa kazi ni desturi hapo, hata kwa mabingwa. Aandike upya kwa hesabu ya mviringo, aongeze New York katika majaribio, apeleke tena.

Hata ikikubaliwa, nyongeza kama hiyo huwekwa kwanza katika fungu la pembeni. Ili ipandishwe daraja hutakiwa iwe na watumiaji, ukurasa wa maelezo, majaribio yanayofikia asilimia 40 ya maagizo yake, na mlezi aliyejitolea kuitunza. Sharti hili la mwisho ndilo zito. Aliyeleta nyongeza ataulizwa habari zake hata baada ya kuhitimu, pengine akiwa na mtoto mapajani.

Je, atalipwa? Kwa nyongeza yenyewe, aghalabu la. Lakini jina lake hubaki katika kumbukumbu za programu, na mwajiri wa popote aweza kuisoma kazi yenyewe badala ya kutegemea sifa za barua. Na kazi hiyo yafanyika chumbani bwenini baada ya Isha, kwa stara yake yote.

Limebaki swali moja ambalo mkaguzi makini hatakosa kuliuliza: mtu akiwa kwenye Kaaba yenyewe, mshale uelekee wapi? Hesabu ikiachwa hivi hivi itatoa namba isiyo na maana. Basi binti huongeza mstari mmoja wa maagizo: hapo, mshale usichorwe.