Huzuni na hasira kali kabla ya hedhi: je, vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kusaidia?

Je, kila mwezi, wiki moja au mbili kabla ya hedhi, unabadilika hadi watu wa nyumbani wanakuogopa? Unalia bila sababu, unawafokea watoto, unagombana kwenye foleni ya maji, unajiona huna thamani. Kisha damu inaanza, na baada ya siku chache unarudi kuwa wewe, ukiona aibu kwa yale uliyosema.

Wengi huambiwa wamerogwa au wana tabia mbaya. Huu ni ugonjwa, na madaktari wanaujua. Ni mkali kuliko uchovu na hasira ndogo ambazo wanawake wengi huzipata siku hizo, na huwapata wachache kati ya kila 100.

Yai likishatoka, katikati ya mzunguko, homoni mwilini hupanda kisha hushuka. Hutokea kwa kila mwanamke, lakini ubongo wa baadhi yetu hauvumilii mabadiliko hayo. Ndiyo maana kupima homoni kwenye damu hakuonyeshi tatizo hili. Usitoe pesa yako kwa kipimo hicho.

Vidonge vyenye homoni mbili huzuia yai kutoka, na hivyo kupanda na kushuka huko hupungua. Vilivyochunguzwa zaidi ni vyenye drospirenoni, ambavyo Marekani iliviidhinisha kwa tatizo hili mwaka 2006. Vituo vingi vya afya vina vidonge vya aina nyingine, vyenye levonojestreli. Wapo wanaopata nafuu navyo, na wapo wasioona tofauti. Pakiti ya vidonge 28 mara nyingi huwa na 7 vya mwisho visivyo na homoni, na dalili zinaweza kurudi siku hizo. Mhudumu anaweza kukushauri uviache na kuanza pakiti mpya moja kwa moja. Mkikubaliana hivyo, mkumbushe kwamba pakiti zako zitaisha mapema.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunafika kituoni na kusema tu, "Nataka uzazi wa mpango," tunachomwa sindano ya miezi mitatu au kuwekewa kipandikizi. Njia hizo zina homoni moja tu. Zinazuia mimba vizuri sana, lakini si tiba ya tatizo hili, na baadhi ya wanawake huzidi kuhuzunika wakizitumia. Kipandikizi kinaweza kutolewa. Sindano ikishachomwa, unasubiri iishe.

Kwa hiyo sema sababu iliyokuleta. Kwa miezi miwili, kila jioni, andika kwenye daftari jinsi ulivyojisikia na siku damu ilipoanza. Kama huandiki, chora alama kwenye kalenda. Daftari hilo litamsaidia mhudumu kuliko kipimo chochote, na hata mume asiyeamini ataona.

Mweleze pia kama una presha, kipandauso, ugonjwa wa ini, umewahi kuganda damu mguuni, unavuta sigara, au unanyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita. Taja dawa unazotumia: rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa na za VVU hupunguza nguvu ya vidonge. Ukishaanza, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukipata maumivu ya kifua au kichwa kikali cha ghafla, rudi kituoni siku hiyo hiyo.

Msichana ambaye hajaolewa anaweza kupewa vidonge hivi kama dawa, na hilo si uhuni. Anayetafuta mimba, au asiyeweza kuvitumia, aulize kuhusu fluoksetini, dawa ya sonona ambayo baadhi ya wanawake huinywa katika siku za kabla ya hedhi tu. Inahitaji kuandikiwa na daktari au afisa tabibu.

Ukianza kufikiria kujiua au kumdhuru mtoto, usisubiri damu ianze. Mwambie mtu unayemwamini akupeleke kituoni leo, hata kama ni usiku.