Vijana wa soka wa Marekani wamepata soko, bei ya juu bado

Mwaka 2016 kiungo Weston McKennie, aliyelelewa katika akademi ya FC Dallas huko Texas, aliondoka kwao akajiunga na Schalke 04 ya Ujerumani. Dallas haikupata ada ya uhamisho, kwa sababu kijana alikuwa hajasaini mkataba wa kulipwa. Miaka minne baadaye Juventus walimchukua kwa mkopo, kisha wakamnunua moja kwa moja, na fedha zikaingia Schalke. Januari 2022 akademi hiyohiyo ya Dallas ikamtoa mshambuliaji Ricardo Pepi, ambaye hakuwa hata amefikisha miaka 19, kwenda Augsburg. Safari hii bei iliyotajwa ilikaribia dola milioni 20.

Klabu ni moja, nchi iliyonunua ni moja, na tofauti ni miaka sita tu. Katika miaka hiyo Wamarekani walijifunza kuuza wachezaji.

Vijiweni swali huwa ni kama vijana hawa wanaweza kufika: kama Mmarekani anaweza kusimama mbele ya Mbrazili au Mfaransa bila kutetereka. Kwa ukurasa wa biashara swali hilo lina majibu ya kutosha kwenye daftari la usajili. Christian Pulisic alinunuliwa na Chelsea Januari 2019 kwa euro milioni 64, na mwaka 2021 akawa Mmarekani wa kwanza kucheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa upande wa wanaume, akatoka na medali. Tyler Adams aliifungia Leipzig bao lililoitoa Atlético Madrid kwenye robo fainali ya mashindano hayo Agosti 2020. Beki Chris Richards alianza fainali ya Kombe la FA Mei 2025, siku Crystal Palace ilipoifunga Manchester City. Kufika, wamefika. Kinachofaa kuulizwa sasa ni nani analipia malezi yao na nani anavuna.

Tuanze na mavuno. Ligi ya MLS ilianza kuchezwa 1996, miaka miwili baada ya Marekani kuandaa Kombe la Dunia, na kwa muda mrefu mawazo ya wenye ligi yalikuwa kuwaleta mastaa waliozeeka wajaze viwanja. Kuuza kijana kulionekana kama kukiri kwamba ligi ni ndogo. Zaidi ya hapo, ligi ndiyo inayomiliki mikataba ya wachezaji, klabu zikiwa wanahisa, kwa hiyo klabu iliyotoa jasho kumkuza mtoto ilikuwa inagawana mapato na ofisi kuu. Nani atajenga akademi kwa masharti hayo? Baadaye kanuni zililegezwa, hasa kwa mchezaji aliyekuzwa na klabu yenyewe, na hapo ndipo Dallas, Philadelphia na New York Red Bulls walipoona hesabu inakubali. Philadelphia ilimuuza Brenden Aaronson kwa Red Bull Salzburg na Mark McKenzie kwa Genk katika dirisha moja, Januari 2021. Genk ni ileile iliyomchukua Mbwana Samatta kutoka TP Mazembe 2016, klabu ambayo kazi yake kubwa ni kununua mapema na kuuza ghali.

Kuna fedha nyingine ambayo Marekani iliiacha mezani kwa hiari yake. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho igawanywe kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Ndiyo kanuni iliyozipa haki ya mgao klabu zilizomlea Samatta alipouzwa Aston Villa Januari 2020. Shirikisho la soka la Marekani lilikataa kwa miaka mingi kuisimamia, likihofia sheria za nchi hiyo za ushindani wa biashara. Klabu ya watoto ya Crossfire Premier, jirani na Seattle, ilihangaika kudai sehemu yake baada ya DeAndre Yedlin kuuzwa Tottenham 2014. Ilipofika Aprili 2019, MLS yenyewe iliyoona vijana wakiondoka bure ikatangaza kwamba nayo itaanza kudai. Chama cha wachezaji hakikufurahi, na kina hoja: gharama anayobebeshwa mnunuzi mara nyingi humrudia mchezaji kwenye mshahara.

Upande wa wanunuzi, Wajerumani walitangulia. Sababu mojawapo ni pasipoti. FIFA hairuhusu mchezaji kuhamishwa nchi kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache, na moja linawahusu wenye umri wa 16 hadi 18 wanaohama ndani ya Umoja wa Ulaya. Pulisic, mzaliwa wa Hershey, Pennsylvania, alikuwa na babu Mkroatia, ndiyo maana Dortmund ilimpata akiwa na miaka 16. Miaka miwili hiyo ya mazoezi ya kila siku si kidogo. Kijana asiye na babu wa aina hiyo husubiri nyumbani.

Wengine walijenga mlango wao. Red Bull wana klabu New York, Salzburg na Leipzig, hivyo Adams alihama Januari 2019 ndani ya nyumba moja. Bayern iliingia ubia na Dallas 2018 na kumpata Richards. Manchester City, kupitia mkataba na Philadelphia, imeshajiwekea nafasi ya Cavan Sullivan atakapotimiza miaka 18. Kijana huyo aliingia uwanjani kwenye MLS Julai 2024 akiwa na miaka 14 na siku 293, akavunja rekodi ya Freddy Adu.

Jina la Adu linanifanya nipunguze shangwe. Alizaliwa Tema, Ghana, akasaini DC United akiwa na miaka 14, matangazo ya biashara yakamwita mrithi wa Pelé, akauzwa Benfica 2007, kisha akawa mzururaji wa klabu. Soko lilimnunua kwa umri wake. Na makosa ya aina hiyo hayajaisha: Pepi hakufunga hata bao moja la Bundesliga akiwa na Augsburg, akapelekwa kwa mkopo Groningen ya Uholanzi, huko ndiko alikofufuka, na PSV wakamchukua 2023 kwa pungufu kubwa ya bei ya awali. Leeds nao waliwakusanya Aaronson, Adams na McKennie chini ya kocha Mmarekani, Jesse Marsch, wakashuka daraja 2023. Utaifa si sifa ya kiufundi, ingawa mauzo ya jezi ng'ambo huwafanya wakurugenzi wasahau.

Hata Pulisic ni somo la hesabu. Chelsea ilimuuza AC Milan 2023 kwa takriban euro milioni 20, chini ya theluthi ya bei iliyomnunulia, na msimu wake wa kwanza Italia akafunga mabao 12 ya ligi. Milan, ambayo mmiliki wake ni kampuni ya Kimarekani ya RedBird, ilipata mchezaji na soko la watazamaji kwa malipo mamoja.

Tatizo liko chini kabisa, kwenye malighafi. Marekani ina watu zaidi ya milioni 330, lakini soka la watoto huko ni huduma ya kulipia. Mzazi hulipa ada ya klabu, kocha, sare, hoteli na safari za mashindano, maelfu ya dola kwa mwaka, akitumaini ufadhili wa chuo kikuu ambao nao ni kiduchu: kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza ilikuwa na ufadhili kamili 9.9 wa kugawana kikosi kizima. Biashara hiyo inamlipa mwenye klabu hata kama hakuna mtoto anayefika popote. Mwenye kipaji anayetoka nyumba ya vibarua wa Los Angeles au Houston hana nafasi mpaka akademi ya MLS, ambayo kwa kawaida haitozi ada, imwone.

Bernard Kamungo alionekana karibu kwa bahati. Alizaliwa 2002 katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, katika familia ya Wakongo, na 2016 wakahamishiwa Abilene, Texas. Kaka yake alimlipia ada ya majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya Dallas, akachukuliwa. Agosti 2023 aliifunga Inter Miami ya Messi, na Januari 2024 akaitwa timu ya taifa ya Marekani. Ni wangapi waliokosa kaka wa kuwalipia?

Pengo hilo timu ya taifa imeliziba kwa wachezaji waliolelewa kwingine: Folarin Balogun alikulia London, Sergiño Dest Uholanzi, Antonee Robinson Uingereza. Hakuna ubaya, ila gharama za malezi yao zililipwa na Arsenal, Ajax na Everton. Na pamoja na hao wote, timu iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia 2002 ilikuwa bado haijafikiwa Qatar 2022, Uholanzi ilipoitoa Marekani 3-1 kwenye 16 bora.

Kwa wanawake mambo yako kinyume. Sheria ya 1972 ya usawa katika elimu iliwafungulia wasichana ufadhili wa vyuo, na matunda yake ni Makombe manne ya Dunia. Huko Ulaya ndiyo iliyokuwa nyuma, na Januari 2025 Chelsea ililipa dola milioni 1.1 kwa beki Naomi Girma, binti wa wahamiaji kutoka Ethiopia.

Kwa klabu ya Ulaya yenye mfuko wa kati, kiungo au beki wa Kimarekani wa miaka 19 ni ununuzi wa busara: ana mbio, ana nidhamu ya mazoezi, na hupatikana kwa bei inayovumilika. Mshambuliaji wa kuitikisa dunia asitafutwe huko kwanza. MLS inapanga kuhamia kalenda ya Ulaya 2027, jambo litakalorahisisha mauzo ya kiangazi, lakini kalenda haileti vipaji. Cha kufuatilia ni San Diego FC, iliyolipa dola milioni 500 kuingia kwenye ligi na kuanza kucheza 2025. Imekuja na Right to Dream, mfumo wa akademi za bweni zisizotoza ada ulioanzia Ghana. Mtoto aliyeingia hapo mwaka huo akiwa na miaka 12 atatimiza 18, umri ambao FIFA inamruhusu kuuzwa nje, mwaka 2031.