Umeona Gari Likigongwa na Mwenyewe Hayupo: Useme au Unyamaze?

Taarifa ya gari la mradi ikifika mezani kwa kamati ya parokia, mara nyingine huwa na mstari mfupi ambao hakuna anayetaka kuuhoji zaidi: "Gari limegongwa likiwa limeegeshwa. Aliyegonga hajulikani." Fedha za matengenezo hutolewa, dereva hukaripiwa, na kikao huendelea na ajenda inayofuata. Wakati huo huo jikoni kwa masista, au kwenye kwaya, au langoni, yupo mtu anayejua. Makala hii inamhusu mtu huyo, na inazihusu pia kamati ambazo zingependa aseme.

Tuchukue mfano wa kawaida. Ni Jumapili ya mavuno, uwanja wa kanisa umejaa. Toyota Land Cruiser ya zahanati, iliyonunuliwa kwa msaada wa wafadhili, imeegeshwa chini ya mwembe. Lori lililoleta mahindi linarudi nyuma, linaugonga mlango wa nyuma wa gari la zahanati, dereva wake anashuka, anatazama, anapanda tena na kuondoka. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri mnada ameona yote. Dereva wa zahanati yuko ndani ya kanisa.

Kwa macho mlango umebonyea kidogo tu. Lakini ndio mlango ambao machela hupitia, na ukikataa kufunguka usiku mgonjwa atapakiwa kwa mlango wa pembeni, jambo ambalo mama mjamzito aliyezidiwa hawezi kulivumilia. Ndiyo maana tunashauri shahidi asijipe kazi ya kupima ukubwa wa hasara. Bampa linaweza kuonekana zima huku rejeta iliyo nyuma yake ikivuja. Kazi hiyo ni ya mwenye gari na fundi wake.

Kwa nini watu hunyamaza

Sababu zinazotolewa zinafahamika: si gari langu, sitaki kuitwa polisi, aliyegonga ni shemeji wa mwenyekiti, walioona ni wengi, mwingine atasema. Ipo na nyingine ambayo wafadhili hawaisikii lakini kwenye vijiwe vyetu husemwa waziwazi, kwamba gari lile ni la mzungu, likiharibika ataleta jingine. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa kwenye kikao cha kuomba gari la pili.

Hiyo ya "mwingine atasema" inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu anayeitumia si lazima awe mtu mbaya. Mwaka 1968 wataalamu wawili wa saikolojia nchini Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio lao maarufu. Waliwaweka watu katika chumba wakijaza fomu, kisha moshi ukaanza kuingia kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Lakini mtu alipowekwa pamoja na watu wawili walioelekezwa kukaa kimya kana kwamba hakuna kitu, ni asilimia 10 tu waliotoa taarifa. Moshi ulikuwa ule ule. Kila mmoja alimtazama jirani, akamwona ametulia, akajiambia kuwa basi hakuna neno. Uwanja wa kanisa siku ya mavuno unafanana sana na chumba kile, isipokuwa watu ni mamia.

Hofu ya polisi nayo si ya kupuuzwa. Nauli ya kwenda wilayani na siku ya kazi iliyopotea ni gharama halisi kwa mkulima. Hata hivyo ni vema ikaeleweka kwamba kutoa taarifa na kufungua kesi ni mambo mawili. Mara nyingi taarifa huishia kwa mwenye gari na aliyegonga, wakaelewana. Shahidi anapopokea hati ya wito ya mahakama, kuhudhuria si hiari tena.

Anayelipa ukimya

Katika mfano wetu, anayelipa kwanza ni dereva wa zahanati. Funguo zilikuwa mfukoni mwake, kwa hiyo kamati humwangalia yeye. Hapa kamati zetu hukosea mara nyingi, tena kwa nia njema ya kulinda mali ya mradi: hukata mshahara wake kufidia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hapa Tanzania, hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara isipokuwa hasara hiyo imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Tena ni lazima apewe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kuacha gari mahali panaporuhusiwa na kwenda kusali si kosa. Parokia inayomkata dereva bila utaratibu huo imejiweka pabaya kisheria, mbali na kumdhulumu mtu mwenye watoto wa kusomesha.

Anayelipa wa pili ni mradi. Mtu husikia kwamba gari "lina bima" akadhani jambo limekwisha. Bima ndogo, ambayo ndiyo magari mengi yanayo, inawahusu watu wengine wanaodhuriwa na gari lako. Haikutengenezei gari lako wewe. Aliyegonga asipojulikana, mwenye bima ndogo hana pa kudai. Mwenye bima kubwa anaweza kudai, lakini kwa kawaida hubeba sehemu ya kwanza ya gharama mwenyewe, na anaweza kupoteza punguzo la kutokuwa na madai wakati wa kukata bima ya mwaka unaofuata. Aliyegonga akijulikana, bima yake ndiyo inayopaswa kuguswa. Kwa maneno mengine, namba za lori zilizoandikwa kwenye kiganja cha yule mama zinaweza kuokoa fedha ambazo kamati ingezipunguza kwenye dawa.

Imani inasema nini

Wengi tunaikumbuka amri ya kutoshuhudia uongo. Kitabu cha Walawi sura ya 5, aya ya 1, kinakwenda mbali zaidi: aliyeona au kujua jambo, na wito wa kutoa ushahidi ukamfikia, asiposema anahesabiwa kuwa na hatia. Kutoka 22:5 nayo inataka mtu ambaye mnyama wake amekula shamba la mwenzake alipe kutoka katika mazao bora ya shamba lake. Lori la leo linaweza kusimama mahali pa ng'ombe wa wakati ule bila taabu. Jirani zetu Waislamu, ambao katika vijiji vingi wanatibiwa kwenye zahanati hizi hizi, wana fundisho la namna hiyo hiyo katika Sura ya Al-Baqara aya ya 283, inayokataza kuficha ushahidi.

Lakini Injili ya Mathayo 18:15 inatupa pia mpangilio: kwanza mwendee ndugu yako, wewe na yeye peke yenu. Shahidi anayemwahi dereva wa lori kabla hajawasha gari na kumwambia kwa upole, "Kaka, umeligusa lile gari, mwenyewe yuko ndani, ngoja nimwite," amefanya jambo kubwa. Dereva aliyeogopa hupata nafasi ya kuwa mwungwana. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame na kujitambulisha, kwa hiyo hujamwomba zaidi ya wajibu wake. Ikiwa ni mlevi au mkali, usijaribu. Soma namba ya gari, muache aende.

Kuona na kukumbuka

Tofauti kati ya taarifa inayosaidia na maneno ya kijiweni ni maandishi. Namba za gari zote, herufi kwa herufi. Rangi ya kibao nayo isaidie, kwani kwa Tanzania gari la binafsi lina kibao cha njano na la biashara kibao cheupe. Kisha aina ya gari na rangi yake, saa, mahali, upande uliogongwa, na lilikoelekea. Simu yenye kamera hurahisisha haya yote, ila isipokuwepo, kalamu na kiganja vinatosha.

Andika kabla hujazungumza na wenzako. Hili tunalisisitiza kwa sababu kumbukumbu ya binadamu ni dhaifu kuliko tunavyoamini. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yakigongana. Baadaye wengine waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", na wengine mwendo gani "yalipopondana". Wiki moja ilipopita waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Walioulizwa kwa neno zito walisema ndiyo kwa asilimia 32. Wale wa neno la kawaida, asilimia 14. Neno moja la muulizaji liliwapa watu vioo ambavyo havikuwepo.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati asimwulize shahidi, "Lile lori la fulani lilikuja kwa kasi, siyo?" Aseme tu, "Mama, tueleze ulichokiona tangu mwanzo," kisha anyamaze na kuandika. Na aliyesimuliwa na mwingine aseme kuwa amesimuliwa. Mahakama zetu hutaka ushahidi wa mdomo utolewe na aliyeona mwenyewe. Wapo wanaodhani kuwa shahidi mmoja hafai kitu kwa sababu Torati, Kumbukumbu la Torati 19:15, inataka wawili au watatu. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania haidai idadi maalumu; mmoja anayeaminika anaweza kutosha. Hata watoto, ambao ndio wanaocheza uwanjani na kuona kila kitu, wasifukuzwe: tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo mradi ameahidi kusema ukweli.

Aambiwe nani

Aambiwe mwenye gari au dereva wake, siku hiyo hiyo. Asipopatikana, karatasi chini ya waipa yenye namba za gari lililogonga, saa, na namba ya simu ya shahidi. Karatasi isiyo na jina ni bora kuliko kutokuwepo karatasi, ila ajuaye kwamba itaishia kuwa fununu ni mwenye kuisoma: hana wa kumrudia akiulizwa na kampuni ya bima. Kama kuna mtu ameumia, hata kidogo, polisi waitwe mara moja kwa namba 112, na magari yasisogezwe bila sababu.

Kuweka picha ya lori kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya hakuhesabiki kuwa ni kutoa taarifa. Pengine dereva aliyekodishwa siku ile si mwenye lori, na familia ya mwenye lori imeshatukanwa hadi usiku.

Kwa upande wa kamati, mambo machache yanasaidia. Mlinzi awe na daftari la geti la kuandika namba za magari yanayoingia siku za mikusanyiko. Dereva akague gari akiegesha na akiliondoa, na aandike kwenye daftari la safari. Aliyegonga akikubali kosa, makubaliano yaandikwe, yakiwa na makadirio ya gereji na tarehe za malipo, na pande zote zitie sahihi mbele ya mtu wa tatu. Lakini kampuni ya bima ijulishwe kabla ya sahihi hizo, kwani mikataba mingi ya bima humkataza mwenye bima kupatana bila ridhaa yao, na kwa kawaida hudai pia taarifa ya polisi.

Linabaki lile la shemeji wa mwenyekiti. Hapo tunashauri mwenyekiti akae pembeni, shauri lisikilizwe na makamu pamoja na paroko, na jina la shahidi lisitajwe kikaoni bila yeye kukubali. Mama yule akishasema alichokiona na kuweka alama yake kwenye karatasi, hadaiwi zaidi. Asitumwe kwenda kudai fedha, wala asiulizwe kila Jumapili baada ya misa kama lori limelipa. Hilo limfuate mwekahazina.