Kandambili za Watamu

Kandambili zinazookotwa ufuoni Watamu hugeuzwa sanamu na mapambo ya kuuziwa watalii. Ni kazi ya heshima. Ila kandambili ikishachongwa ikawa pomboo, unyayo wa aliyeivaa umefutika. Cyrus Kabiru, mchoraji na mwunda sanamu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kujifunza sanaa mwenyewe, alishika njia nyingine. Aliitwaa Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya wazee wetu iliyofukuzwa barabarani na bodaboda, akaunda kwayo sanamu ambazo baiskeli yenyewe haijifichi ndani yake. Walimu wa sanaa, msingoje rangi za dukani. Mwanafunzi na alete mbuzi ya nyanyake iliyong'oka meno, kisha kabla ya kuigusa amwulize nyanya ilikuna nazi za karamu zipi.