Je, Wajua? Umeme Husukuma Maji Bila Pampu

Mwaka 1809, mjini Moscow, Ferdinand Friedrich Reuss alionyesha kwamba umeme hupitisha maji katika udongo wa mfinyanzi.

Siri imo kwenye ukuta wa mfereji yanamopita maji. Kwa mfano, ukuta wa kioo ukigusana na maji hupata chaji hasi, nayo huvuta ioni chanya zijipange kando yake. Umeme ukipita, ioni hizo husogea zikikokota maji ya mfereji mzima, hata ulio mwembamba kuliko unywele.

Kwa kawaida maji yanayogusa ukuta hunata palepale. Ukuta usiopenda maji huyaacha yateleze, na mwendo huongezeka: kwa hesabu, kwenye maji yenye chumvi kidogo sana, utelezi wa nanomita 10 waweza kuuongeza maradufu.

Msukumo huu wa umeme husaidia mashine za maabara kutenganisha aina za hemoglobini na kutambua ugonjwa wa selimundu.