Toroli la supamaketi lilivyomgeuza mteja kuwa mhudumu wa duka

MTU anayenunua sukari katika duka la mtaani Dar es Salaam husimama upande wa pili wa kaunta, akataja anachotaka, na mwenye duka akamshushia kutoka kwenye rafu. Anayenunua sukari hiyo hiyo supamaketi husukuma toroli, huitafuta mwenyewe, huisoma bei, huishusha na kuipeleka mwenyewe kwa keshia. Wengi huiona tofauti hiyo kuwa ni ya hadhi: huku ni uswahilini, kule ni kwa wenye nafasi. Hata hivyo, ikipigwa hesabu ya nani anafanya kazi, mteja wa duka la mtaani ndiye anayehudumiwa zaidi.

Wamarekani nao walinunua kwa mtindo wa kaunta hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Makarani wa duka walipima unga na maharage kutoka kwenye mapipa, wakafunga kwa karatasi na kamba, na mteja waliyemzoea waliandika deni lake daftarini. Mwenye simu aliagiza akiwa nyumbani, na kijana wa duka akampelekea mzigo mlangoni. Huduma hiyo haikuwa ya bure. Mishahara ya makarani, gharama za kusambaza mizigo na madeni yasiyolipika, vyote viliingizwa kwenye bei, na aliyelipa taslimu alimlipia pia aliyekopa na kutoweka.

Mwaka 1916 mfanyabiashara Clarence Saunders alifungua duka mjini Memphis, jimbo la Tennessee, akaliita Piggly Wiggly. Mteja aliingia kupitia kizuizi cha kuzunguka, akachukua kikapu, akafuata njia moja iliyopita mbele ya kila rafu hadi kwa mpokea fedha. Kila bidhaa ilikuwa na bei yake. Hapakuwa na kukopa wala kupelekewa mzigo nyumbani. Mwaka uliofuata Saunders alipata hataza ya mpangilio huo, na kufikia mwaka 1923 maduka yenye jina hilo yalikuwa yamezidi 1,000.

Wateja walivutiwa na bei nafuu. Jambo ambalo halikuonekana haraka ni kwamba unafuu huo ulitokana na kazi yao wenyewe. Kazi aliyolipwa karani kuifanya ilihamishiwa kwa mnunuzi, naye akalipwa kwa senti chache zilizopungua kwenye bei. Kwa mwenye mshahara na macho mazima, makubaliano hayo yalikuwa mazuri. Kwa mzee asiyeweza kuinama, kwa asiyejua kusoma, na kwa familia iliyoishi kwa daftari la madeni hadi mwisho wa mwezi, duka jipya lilikuwa limefunga mlango wake bila kumfukuza mtu.

Utaratibu huo mpya ulikuwa na kasoro moja iliyowaumiza wenye maduka pia. Kikapu hubebwa kwa mkono, na mkono huchoka. Mteja alinunua kiasi alichoweza kubeba, kisha akaelekea kulipa, hata kama fedha zilikuwa bado zimo mfukoni.

Sylvan Goldman, aliyemiliki maduka ya vyakula mjini Oklahoma City, aliliona hilo. Mwaka 1936, akiwa ofisini usiku, alitazama kiti cha kukunja na kuwaza: kikiwekwa magurudumu miguuni na vikapu viwili, kimoja juu ya kingine, kingekuwa kigari. Alishirikiana na fundi wake, Fred Young, na Juni 4, 1937 vigari hivyo viliwekwa madukani kwa mara ya kwanza.

Wateja walivikataa. Vijana wa kiume waliona wataonekana dhaifu, wasioweza kubeba kikapu. Kina mama walisema wamesukuma vigari vya watoto vya kutosha. Wazee hawakutaka kuonekana wamekwisha. Ndipo Goldman alipoajiri watu wa rika mbalimbali, wanaume kwa wanawake, wazunguke dukani wakisukuma vigari na kujifanya wananunua. Waliokuwa wanaingia wakaona wenzao wanatumia, nao wakachukua. Habari hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na masimulizi ya Goldman mwenyewe akiwa mzee, na mfanyabiashara anaposimulia ushindi wake chumvi haikosekani. Lakini kwamba toroli lilihitaji kupigiwa debe ni jambo linaloaminika, kwa kuwa watu hawakulizoea wazo la kufanya kazi dukani.

Mwaka huo huo wa 1937, Saunders, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kunyang'anywa kampuni yake kutokana na vita vya hisa, alifungua Memphis duka la aina nyingine aliloliita Keedoozle. Bidhaa zilikaa ndani ya vioo. Mteja alipewa ufunguo, akauchomeka kwenye tundu lililo kando ya bidhaa aliyoitaka, na mitambo ikamkusanyia mzigo wake na kuuleta kwa mkanda hadi mahali pa kulipia. Kwa maneno mengine, mtu aliyemfanyisha mteja kazi sasa alitaka mashine iifanye badala yake. Mitambo hiyo iliharibika mara kwa mara na haikuhimili wingi wa watu, na duka likafa. Saunders alifariki dunia mwaka 1953 akiwa bado anabuni jingine. Waya na magurudumu manne ya Goldman vilishinda, kwa sababu mtambo wake ulikuwa ni mteja, na mteja haharibiki ovyo wala hadai mshahara.

Matoroli ya kwanza yalilazimu mfanyakazi ayakunje na kuyakunjua. Kazi hiyo iliondolewa na Orla Watson wa Kansas City, aliyebuni mwaka 1946 toroli ambalo ukuta wake wa nyuma hufunguka, hivyo jingine likaingia ndani yake. Goldman na Watson walizozana kuhusu haki ya ubunifu huo, wakamaliza kwa maelewano mwaka 1949. Safu ndefu za matoroli yaliyomezana mlangoni mwa supamaketi yoyote ya leo zimetokana na kazi ya Watson.

Toroli lilipozoeleka, duka lenyewe lilibadilika ili lilifae. Njia kati ya rafu zilipanuliwa, maegesho yakawekwa mbele, na kwa kuwa familia nyingi za Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili zilikuwa na gari na jokofu, mzigo wa wiki nzima uliweza kununuliwa kwa safari moja. Vifungashio navyo vilianza kusema kwa niaba ya karani. Hapakuwa tena na mtu wa kumweleza mteja kwamba mchele huu ni mzuri kuliko ule, hivyo boksi lilipaswa kupaza sauti kwa rangi na maandishi.

Nchini Uingereza mabadiliko hayo yalipokewa kwa hasira zaidi. Kampuni ya Sainsbury's ilifungua duka lake la kujihudumia eneo la Croydon mwaka 1950. Alan Sainsbury, aliyesimamia mabadiliko hayo, alikuja kueleza kwamba mke wa jaji mmoja alimporomoshea matusi alipoona anatakiwa kufanya kazi ya mhudumu wa duka. Mama huyo hakuwa na adabu, lakini alikuwa ameielewa biashara hiyo vizuri kuliko wengi waliosukuma matoroli kimya kimya.

Baada ya hapo kila hatua ilielekea upande uleule. Mwaka 1974, katika supamaketi ya Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna ilisomwa na mashine kwa mistari iliyochapwa juu yake, na keshia hakuhitaji tena kuzijua bei. Mwaka 1986 mashine ya kujilipia ilifanyiwa majaribio katika duka la Kroger karibu na Atlanta, na sasa mteja akawa keshia pia. Hata kurudisha toroli kulikabidhiwa kwake. Nchini Ujerumani toroli hufungwa kwa mnyororo mfupi unaofunguka kwa sarafu ya euro 1, na maduka ya Aldi nchini Marekani hutumia sarafu ya senti 25. Anayetaka sarafu yake hulirudisha toroli mwenyewe, na kijana aliyekuwa akiyakusanya uwanjani hahitajiki.

Palikuwa na juhudi za kurudisha sura ya mtu mlangoni. Walmart ilianza mwaka 1980 kuweka wafanyakazi wa kuwasalimu wateja, wengi wao wazee, jambo lililosaidia pia kuzuia wizi. Mwaka 2019 kampuni hiyo iliibadilisha kazi hiyo ikawa ya kunyanyua mizigo na kukagua risiti. Baadhi ya wasalimuji walikuwa watu wenye ulemavu wasioweza majukumu hayo, na malalamiko ya umma yaliilazimu kampuni kuahidi kuwatafutia nafasi nyingine.

Hivi karibuni baadhi ya wenye maduka wameanza kugundua kwamba kazi iliyohamishwa ina gharama yake. Mashine ya kujilipia haimjui mteja, haitambui kosa wala kisingizio, na bidhaa hupita bila kulipiwa. Mwaka 2023 kampuni ya Booths ya kaskazini mwa Uingereza ilitangaza kuziondoa mashine hizo katika karibu maduka yake yote na kurudisha makeshia. Mwaka 2024 Dollar General ya Marekani iliziondoa katika mamia ya maduka yake, huku Target ikiweka kikomo cha bidhaa 10 kwa anayejilipia. Amazon nayo, ambayo mwaka 2018 ilifungua Seattle duka lisilo na keshia hata mmoja, iliamua mwaka 2024 kuacha utaratibu huo katika maduka yake makubwa ya vyakula nchini Marekani. Badala yake iliweka matoroli yenye kamera na skrini, yanayojumlisha bei kila bidhaa inapoingia. Baada ya karibu miaka 90, mashine na waya wa Goldman vimekutana.

Katika Afrika Mashariki kazi ya mtu ina bei ndogo kuliko mashine, hivyo katika supamaketi nyingi bado yupo kijana wa kufungasha mizigo, na mara nyingine huisukuma hadi kwenye gari. Mifuko ndiyo iliyobadilika. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Sababu yake ilikuwa mazingira, na ilikuwa ya haki, lakini mfuko uliotolewa bure dukani sasa mteja hununua au huja nao.

Nchini Uholanzi kampuni ya Jumbo ilijaribu njia tofauti. Mwaka 2019, katika duka lake la mji mdogo wa Vlijmen, ilitenga kaunta moja ya malipo kwa ajili ya wateja wasio na haraka na wanaotaka kuzungumza, hasa wazee wanaoishi peke yao. Keshia wa hapo anaruhusiwa kuchelewa. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba kaunta za namna hiyo zingefika katika maduka 200.